Mnara Mzima

Mnara ulikuwa ubomolewe kesho yake. Mbaruku, mpigapicha wa mji, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta wa soko, na bado mnara haukuenea wote kwenye kamera.

“Bi Salama, nitakata chini kidogo.”

“Uukate miguu? Marehemu mume wangu aliujenga kuanzia msingi!”

Basi akalala chali vumbini, watu wakimcheka, akaingiza mwanga mwingi ili msingi uliokuwa kivulini usipotee.

Katika chumba cha giza cha kusafishia picha, mjane akiwa kando yake, aliitumbukiza karatasi ya picha kwenye dawa. Msingi ulitangulia, yakafuata mawe, jiwe juu ya jiwe, kana kwamba marehemu yuko kazini. Kileleni, mnara uliyeyukia kwenye weupe wa mbingu.

Bi Salama akainua macho taratibu kwenye giza la dari, akiendelea kuufuata mnara.