Lita Nane za Bingwa

"Usiniambie umekuja kutafuta oili nzito," alisema Bingwa, na mwanamke aliyekuwa mlangoni hata hajavuka kizingiti.

Alikuwa ameona karatasi yenye mchoro wa injini mkononi mwake, na hiyo ilimtosha. Bingwa hakuwa mtu wa kusubiri swali ndipo atoe jibu. Duka lake la vipuri vya mashua lilikuwa la kwanza kwenye mtaa unaoteremka gatini, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kwa maneno. Wateja aliowashauri walikuwa hawarudi mara ya pili. Aliichukulia kuwa dalili njema: injini zao zimepona.

"Ni dizeli, silinda nne," mwanamke alisema. "Ina miaka thelathini na miwili. Ilikuwa ya mume wangu."

"Ilikuwa?"

"Alifariki miezi miwili iliyopita."

"Oh, pole sana, mama." Bingwa aliweka kofia yake sawa, kisha akaendelea na safari yake. "Sasa nisikilize vizuri, maana injini si sufuria."

Alimpima kwa macho. Mama wa makamo, ndala miguuni, kucha zina weusi. Masizi ya jikoni, Bingwa akaamua, na moyo wake ukajaa huruma ile ya mtu mwenye hakika kwamba anajua zaidi.

Alipanda ngazi, akashusha dumu la rangi ya dhahabu lenye picha ya gari la mashindano. Akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Hii ndiyo oili. Nyepesi kama maji, inapenya kila mahali. Hizo nzito ni mambo ya babu zetu."

"Hata kama injini imechakaa?"

"Hasa ikiwa imechakaa! Mzee asiye na meno humpi mfupa."

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa fundi wa mashua mwenye mvi, akichagua nati kwenye kopo. Akakohoa.

"Bingwa, injini ya umri huo imeshalika ndani. Hiyo oili itapita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Presha itashuka, vyuma vitasagana."

"Fundi, nati zako ziko kwenye kopo. Mimi huku nina mteja."

Mwanamke aligeuka taratibu. "Mwache aeleze, mzee wangu," alisema kwa upole. "Nimetoka mbali kwa ajili yake."

Kichwa cha Bingwa kikavimba mpaka kofia ikambana. Alivuta filta ya oili kutoka rafu ya chini, akaigonga juu ya kaunta kama hakimu anayefunga kesi.

Mwanamke aliigeuza, akachungulia ndani. "Ile ya zamani ilikuwa na kampira fulani humu. Hii haina."

"Mapambo tu hayo, mama. Wenye viwanda wanapenda kutupamba."

"Kwa hiyo oili ikirudi chini injini ikizimwa, si neno?"

"Irudi, iende wapi? Ukiwasha, itapanda tena."

Mwanamke akatoa daftari dogo, akaandika. Bingwa alifurahi. Maneno yake hayakuwahi kuandikwa.

"Na ule mpira wa filta ya zamani, ulioganda pale inapofungwa?"

"Uache hapo hapo. Weka mpya juu yake. Miwili haishindwi na mmoja."

Fundi alijifunika uso kwa kofia yake.

"Na chujio la dizeli?" mwanamke aliuliza. "Tulikuwa na lile lenye kikombe cha kukamata maji."

"Litoe! Linabana mafuta yasipite. Injini inataka kupumua." Bingwa akainama juu ya kaunta, sauti ikawa ya baba anayemwasia binti, ingawa walikaribiana umri. "Sikiliza, mama. Najua haya mambo ni mageni kwako. Si kosa lako. Ila ukifuata niliyosema, hutaigusa injini hiyo tena maisha yako yote."

"Hilo najua," alisema mwanamke.

Akachukua lita nane za oili na filta aliyochaguliwa. Hakuomba hata kupunguziwa bei.

"Nina ombi moja," akasema. "Niandikie maelekezo yote, na jina lako chini. Nimpe atakayeiendesha, asije akamsikiliza mtu mwingine."

Bingwa hakuombwa mara ya pili. Aliandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa, akatia saini yenye mikia mitatu, akagonga muhuri wa duka. Akaupuliza wino ukauke. Mwanamke aliikunja karatasi kwa uangalifu, kama mtu anayekunja hati ya nyumba, akatoka na mzigo wake.

Fundi alishindwa kuvumilia. Alimwaga nati sakafuni, akamkimbilia, akamkuta kwenye ngazi za mlangoni. Bingwa alisikia kila neno kutoka ndani.

"Dada, nakuomba, virudishe vitu hivyo. Nitakuonyesha oili sahihi, na kufunga nitakufungia mwenyewe, bure. Ukimfuata huyu, injini ya marehemu haimalizi wiki."

"Asante, fundi." Mwanamke alihamisha dumu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Injini hiyo nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu miaka kumi na tisa, marehemu alikuwa anashika usukani tu. Kesho shemeji anakuja kuninyang'anya, injini pamoja na mashua, eti mwanamke hajui injini. Kuitunza najua, kaka yangu. Kuiua ndiko nilikohitaji bingwa."