Jina la Mtaani

Dakta Zuhura alisomesha sheria chuo kikuu. Kwa miaka kumi na mmoja alipanda na kushuka ngazi za mahakama akidai watu waliobadili jinsia, kama yeye, waandikwe kwenye vyeti vyao jinsi walivyo. Mwaka huu alishinda. Siku aliyokabidhiwa cheti chake kipya cha kuzaliwa, alipanda basi kwenda kwa mama yake. Hawakuwa wameonana tangu alipoacha kuitwa Hamadi.

Mama alimfungulia mlango. Alivaa miwani, akakisoma cheti akipitisha kidole chini ya kila mstari.

"Na mimi wamenibadilisha?" aliuliza.

"Hapana, mama. Jina lako liko palepale."

"Hilo la karatasi. Hapa mtaani nani analijua?"

Jina hilo la mtaani ndilo Zuhura alilotamani libadilike miaka yote, na hakuna jaji wa kulibadili. Mama huitwa kwa kifungua mimba wake, na tangu ujana wake mtaa mzima ulimwita Mama Hamadi, harusini na msibani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, Bi Mosi.

"Hodi! Mama Hamadi!"

Mama alifungua mdomo aitike, kama alivyozoea. Kisha akaufunga. Akamimina chai kikombe cha pili, akamsogezea mwanawe.

"Mama Hamadi, si upo?"

Mama aliutazama mlango, kama anayesubiri aitwe jina jingine. Kidole chake kilikuwa kimerudi kwenye cheti, juu ya jina Zuhura.