Namba Tatu, Namba Kumi na Tisa

Ijumaa mama alikuwa namba tatu. Jumatatu asubuhi, faili ilipofunguliwa, alikuwa namba kumi na tisa.

Mara ya kwanza familia ilidhani ni makosa ya macho. Mara ya pili mjomba aliipiga meza ya mapokezi ngumi, kalamu zikatawanyika sakafuni. Ilipotokea mara ya tatu, mama hakuwa na nguvu ya kungoja tena. Walimzika Alhamisi.

Sasa binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha karani wa kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, bado amevaa nguo za msiba. Karani mwenyewe alisimama pembeni, mikono ameifumbata.

"Pole sana, dada," alisema. "Nimekuita kwa sababu mjomba wako ananiita muuaji mbele za watu. Sikuligusa jina la mama, naapa. Orodha inajipanga yenyewe."

"Orodha haijipangi. Kuna mtu anaipanga."

"Basi mtafute. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Tangu alipotoka chuoni alikuwa akizunguka maofisini kutengeneza lahajedwali, yaani majedwali ya kompyuta, zilizoharibika: za shule, za maghala, za viwanda. Mama aliwatambia majirani, "Mwanangu ni daktari, ila wagonjwa wake hawakohoi."

Nyuma ya kioo cha mlango kulikuwa na vitanda vinne na mashine nne. Waliokuwa na zamu za kudumu walizigawana wiki nzima. Waliokuwa kwenye orodha walingoja mmoja wao ahame, apone, au afariki.

Alizikagua fomula moja moja. Zilikuwa safi. Akaandika mistari michache ya makro ya kuiambia kompyuta itaje viongezi vyote, yaani vile vijiprogramu vinavyopachikwa kwenye lahajedwali vikafanya kazi kimyakimya. Jina, mahali kilipohifadhiwa, kimewashwa au kimezimwa.

Vilikuwa vitatu. Viwili vilikuja na programu yenyewe na vyote vimezimwa. Cha tatu kiliitwa "Panga". Kimewashwa.

"Hiki umekiweka wewe?"

"Nimekikuta. Hata aliyenitangulia alikikuta. Faili ilikuja hivyo hivyo kutoka makao makuu, sisi tunajaza tu. Majina, siku, na mwaka huu wametuamuru tujaze na umri."

"Umri?"

"Zamani ile safu tuliiacha wazi." Karani alisogea karibu. "Dada, nikwambie ukweli. Kila Ijumaa nilimrudisha mama juu kwa mkono wangu. Jumatatu, kabla hata sijashusha mkoba, daktari ameshafungua faili na kuchapisha orodha. Namkuta chini."

Alimtazama karani kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho ya yule kijana yalikuwa mekundu. Akarudi kwenye skrini, akashuka hadi mwisho wa orodha. Majina saba ya chini, yote ya watu waliovuka miaka sitini. Mbele ya mawili palikuwa na neno "marehemu". La mama lilikuwa la tatu lenye neno hilo.

Akakifungua kiongezi ndani. Makro yake ilikuwa fupi na nadhifu, kila mstari umekaa mahali pake. Aliyeiandika alijua kazi. Katikati palikuwa na sharti moja: kila faili inapofunguliwa, umri ukizidi sitini, shusha jina mwisho. Pembeni, pale waandishi wa makro wanapojiwekea maelezo, mtu alikuwa amefanya mzaha.

Aliusoma kwa sauti. "Waliokula chumvi nyingi wapishe vijana. Ha ha."

Karani aliinamisha kichwa.

"Ha ha," alirudia yeye.

Mama alikuwa na miaka sitini na minne. Jumatatu ile ya mwisho, miguu imevimba hata viatu havimwingii, alimshika binti yake mkono kwenye benchi la nje. "Usigombane nao, mwanangu," alimwambia. "Foleni ni foleni. Huenda aliyenipita ana mtoto mchanga nyumbani." Naye binti aligombana nao hata hivyo, na mama akaona haya mbele za watu, na hayo yakawa miongoni mwa mazungumzo yao ya mwisho.

Alijifuta macho kwa kiganja, kisha akakivuta kibao cha herufi karibu.

"Nataka jina lake," alisema. "Nimpeleke mbele ya mjomba. Nimuulize kama na yeye ana mama."

"Utalipata humo?"

"Kila kiongezi kina maelezo yake. Kichwa, tarehe, mwandishi. Kompyuta inayajaza yenyewe, na watu husahau kuyafuta."

Akaanza kuandika. Mistari mitatu tu, na alikosea mara mbili. Alipobonyeza kitufe, majibu yalijitokeza chini ya skrini kwa herufi ndogo. Aliyatazama. Mikono ilibaki juu ya kibao.

"Dada?" karani aliita. "Umempata?"

Karani akainama, akasoma mwenyewe. Kichwa: zoezi la mafunzo kwa vitendo, makao makuu. Tarehe: miaka kumi na minane iliyopita. Kisha akafika kwa mwandishi, akageuka taratibu kukitazama kitambulisho cha mgeni kilichoning'inia shingoni mwa dada, na pale akalisoma jina lile lile.