Mita Thelathini Kutoka Mtoni

"Vuta, mwanangu, isilegee," Bulandina alisema, ameikanyaga ncha ya futi kwenye kizingiti cha nyumba yake. "Isije ikasemwa tulipima vibaya."

Baker, ofisa wa mipango wa mji, akavuta. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona mshtakiwa akimsaidia mshtaki wake. Alirudi kinyumenyume juu ya mawe mpaka viatu vikaingia majini, akasoma kwa sauti ili hakimu asikie: mita kumi na moja.

Hakimu Lamunu aliandika. Alikuwa mtu wa kaskazini, Kikonzo, lugha ya wenyeji, hakijui hata neno, ndiyo maana kesi ilikwenda kwa Kiswahili. Asubuhi hiyo aliihamisha korti nzima kutoka Kasese mjini hadi huku bondeni Kilembe, pamoja na meza, karani na muhuri, auone huo mto kwa macho yake.

Sheria ndogo ya mji ilikuwa mstari mmoja tu: hairuhusiwi kujenga nyumba ndani ya mita thelathini kutoka Mto Nyamwamba. Bulandina alijenga mwaka 1991, mto ukiwa zaidi ya mita mia kutoka mlangoni pake, kule ukingoni mwa shamba lake la maharage. Mafuriko ya mwaka jana, 2013, yakaupindua. Maji yaliacha njia yao ya zamani, yakaja kujilaza mbele ya nyumba yake. Baker akaandika amri ya kubomoa, Bulandina, mjane asiye na pengine, akagoma, na korti ikapiga nyumba kufuli mpaka kesi iishe.

Kwa hiyo Bulandina alikuwa akilala Bwera, kwa binti yake Docus. Na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu nyumba ile ni ya Nobert, mume wa Docus, na kwa Wakonzo mama mkwe kulala chini ya paa moja na mkwewe ni aibu tupu. Nobert akikohoa uani, Bulandina hukimbilia jikoni. Nobert akitaka kuoga, mama mkwe huenda sokoni kununua chumvi ambayo haitakiwi. Mwaka mzima alikuwa hajanywa chai ikiwa moto. Hakuwa na ombi lingine duniani ila kulala chini ya paa lake mwenyewe.

Baker alilijua hilo, na lilimchoma kidogo. Lakini kesi ni kesi.

"Mheshimiwa, sheria inasema kujenga," Bulandina alianza, mikono kiunoni. "Mimi nilijenga wakati mto iko kule mbali. Hata ramani ya ofisi inaonyesha iko kule. Nyumba yangu haikutembea. Mto ndio ilinifuata. Mushitaki mto!"

Watu waliojaa kwenye mawe wakaangua kicheko. Hata karani alikohoa ili kuficha chake.

Baker akainuka. Hotuba hii alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo siku tatu. Miaka mitano ofisini, kila aliyekuja na ombi lisilompendeza alimwonyesha ramani ukutani akamfukuza nayo. Siku hiyo hayo yote yalimtoka kichwani kabisa.

"Mheshimiwa, tusisome maneno kama kasuku. Tuulize sheria ilitungwa kwa nini. Ilitungwa ili watu wasizame. Ramani ni karatasi, Mheshimiwa, na karatasi haijui maji yamekwenda wapi. Mto ni pale maji yanapopita leo!"

"Lakini ramani ni ya serikali," Bulandina akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Si ramani ndiyo ya mwisho?"

"Si ya mwisho, mama," Baker akajibu, kifua mbele. "Mbele ya mto wenyewe, ramani si kitu."

Hakimu Lamunu akatoa hukumu hapohapo. Sheria, alisema, husomwa kwa kutafuta ilikusudia kumlinda nani. Umbali utapimwa kutoka maji yanapopita leo, hata ramani ikisema vingine, na kipimo hicho kitawahusu wote katika bonde hili. Nyumba ibomolewe baada ya siku saba.

Bulandina alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Baker aliona haya, akatazama pembeni.

"Mheshimiwa," mjane akasema alipotulia, "hiyo ya ramani, karani ameandika yote?"

"Ameandika."

"Naomba nakala. Yenye muhuri."

"Unataka kukata rufaa, mama?"

"Mimi, mutu wa shamba, rufaa ya nini? Nataka karatasi tu."

Siku ya nane Baker alifika na vijana wanne wenye nyundo. Hawakukuta cha kubomoa. Mabati hayakuwapo, wala milango, wala madirisha. Hata matofali yalikuwa yamebanduliwa moja moja, ukabaki msingi na kuku wawili.

"Mwanangu! Niko huku!"

Sauti ilitoka ng'ambo. Baker akavuka daraja, akapita mfereji mkavu ulikopita mto zamani, akamkuta Bulandina katikati ya shamba. Maharage yalikuwa yameng'olewa. Matofali yalipangwa vizuri, mabati juu yake, na kamba ya msingi ilishavutwa pembe nne. Alikuwa ameketi juu ya mlango wake, anakunywa chai inayofuka moshi.

Alimkaribisha kikombe, kisha akampa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu ilikuwa nakala ya hukumu, yenye muhuri. Ya chini ilikuwa fomu ya mwaka 2012, ya kuomba kujenga nyumba kwenye shamba la maharage, na jibu lake kwa wino mwekundu, kwa mwandiko ambao Baker aliutambua mara moja: *Hapana. Kwa mujibu wa ramani, ni mita kumi na mbili tu kutoka mtoni.*

"Mimi nitashika hapa," Bulandina alisema, akiikanyaga ncha ya futi. "Wewe enda nayo mpaka kwa maji, mwanangu. Na uvute, isilegee."