Simu ya Msimamizi

Fundi alichomeka kebo ya pili nyuma ya seva, akajifungia kwenye chumba cha mitambo, akavaa vipokea sauti. Wivu ukishapanda kichwani haushushwi kwa maji ya kunywa.

Seva ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao, na ndani yake kila huduma ilikaa kwenye kontena lake, yaani kisehemu chake cha programu kilichotengwa na vingine: barua pepe huku, simu za ofisi kule. Simu ikipigwa, mtandao huuliza kwanza, "Anwani hii ni ya nani?" Anayewahi kuitika ndiye anayeletewa. Mwezi uliopita kadi zile zilianza kuitikia anwani zisizo zao, simu zikapotea ovyo. Aliyezinyoosha ni msimamizi mpya, akisaidiwa na mke wa fundi, maana wote watatu walikuwa idara moja. Wawili hao walicheka sana siku hiyo. Kila kicheko kilimchoma fundi kama pasi.

Tangu hapo wawili wale wakawa watu wa kunong'ona pembeni. Akitokea, kimya. Jana alimkuta mkewe macho mekundu, msimamizi anampa leso.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo ya kazi tu, mume wangu."

Kazi! Kazi gani ya kufutana machozi?

Leo, basi, aliurudisha ule ubovu kwa makusudi. Yeyote atakayempigia msimamizi, kadi ya pili ingewahi kuitika, na simu ingemwangukia fundi masikioni.

Ikaita. Akapokea, akabana pumzi.

"Usijibu, najua uko kikaoni na wakubwa," mkewe alinong'ona. "Sikulala, nafikiria. Sasa nimekubali. Iwe mimi. Ila nakuomba, mume wangu asijue mpaka yaishe."

Ikakatika.

Fundi hakumbuki alivyofika nje ya chumba cha mikutano. Alisimama pale kakunja ngumi, matusi yamemjaa mdomoni.

Mlango ukafunguka. Msimamizi akatoka, akamwona, akamshika bega kabla hajatamka neno.

"Pole sana, kaka. Wanapunguza watu. Kati yako na mkeo abaki mmoja, na jina lililopitishwa kuondoka ni lako. Mkeo aliniambia, akikubali kuondoka yeye badala yako, atanipigia kabla kikao hakijafungwa. Simu yangu ya ofisi nimeikodolea macho muda wote, kaka. Haikuita."