Boriti ya Maonyesho

"Shuka hapo kabla sijakushusha mwenyewe!" Mama alifoka.

"Mama, mteja anatazama," mwanawe alijibu, akizidi kuruka juu ya boriti. Vibarua wawili waliruka naye. Boriti ilikuwa ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ncha zake zimelazwa juu ya matofali. Haikutikisika hata kidogo. Vibarua walimwita kijana huyo Sarakasi, maana kila mteja aliyeingia karakanani alipewa onyesho hilohilo, juu ya boriti ileile.

Mteja wa leo, mwalimu mkuu, alipiga makofi. "Zile za kwanza tumeshazifunga kwenye kidaraja cha shule, juu ya mtaro. Watoto wanapita tangu asubuhi. Nataka nyingine kama hizo."

Mama hakutulia. Aliizunguka boriti, akaipapasa chini, akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Kitu kinachorukiwa miaka yote hii kimechoka ndani, hata kama nje kinameremeta. Chuma kingepinda kwanza, ukajua. Hiki kitakatika ghafla, nami nibaki kukuuguza mgongo. Ukitaka kuruka, rukia mpya."

"Mpya ni za wateja, mama."

"Basi hii itupwe. Nyie, inueni!"

Vibarua wakashika ncha, wakaguna, wakaiachia. Asubuhi hiyohiyo kila mmoja alikuwa akibeba zile mpya begani peke yake, huku akipiga mluzi.

"Imekunywa maji ya mvua," Sarakasi alisema harakaharaka. "Nitaitoa mwenyewe kesho."

"Kesho yako naijua." Mama alichomeka grinda kwenye umeme.

"Mama, usiikate! Siruki tena, naapa!"

Jasho lilimtiririka kijana kama anayekatwa yeye. Mama alimsukuma kando. Heri anune akiwa mzima.

Diski ilizama. Vumbi jeupe lilifuka, kisha cheche zikaruka hadi kwenye aproni yake.

Mama alizima mashine, akachungulia. Ndani ya boriti ya plastiki kulikuwa na bomba la chuma, nene kama mkono wa mtu mzima.

"Mwalimu," alisema bila kumtazama mwanawe, "piga simu shuleni sasa hivi. Asipite mtoto hata mmoja."