Vipimo vya Sare

Marafiki watatu wa Mwajabu walikuja kumjulia hali saa kumi alasiri, wakiwa na maparachichi mawili na maneno ya kujaza gunia.

"Shoga, kiuno kimerudi cha usichana!" Tausi alisema, wote wakaangua kicheko. Mwajabu naye akacheka, maana kumnunia mgeni si adabu.

Kisha akawaambia kwamba Jumatatu anapasuliwa, na hospitali wanataka mtu wa kukaa naye. "Mmoja wenu tu."

Tausi akakumbuka kwamba damu humtia kizunguzungu, ingawa kila sikukuu yeye ndiye mchinja kuku wa mtaa mzima. Pili akakumbuka harusi ya binamu yake. "Jumatatu, shoga! Watu wa ajabu wale." Siwema, fundi wao wa cherehani, hakukumbuka lolote. Akatoa futikamba mkobani.

"Madhali tumekutana, niwapime sare. Kitambaa nimeshapata, cheusi."

Akawapima Tausi na Pili, akaandika daftarini.

"Sare ya shughuli gani?" Mwajabu akauliza.

Pili akatazama dari. Tausi akasema chai itapoa, na hakuna aliyekuwa ameinjika chai.

Mwajabu akashuka kitandani kwa kushika ukuta, akasimama mbele ya fundi, akanyoosha mikono. "Nipime na mimi."

Siwema akamzungushia futikamba kifuani polepole, akaisoma namba kimoyomoyo. Kalamu ilikuwa mkononi na daftari limefunguliwa. Mwajabu akasubiri aandike.